Bomu haliulizi

(Hotuba hii niliitoa mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi wa ndege za kijeshi, pamoja na wazazi na wenzi wao. Wenzetu waliokuwa zamu siku ile wameniomba niiandike. Nimeiweka karibu kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani nimeziacha.)

Wazazi wetu, maafande, vijana mnaohitimu leo, habari za asubuhi!

Naomba nianze na spana. Spana namba 13, ya kawaida kabisa, ya kufungia nati.

Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nikiwa koplo, tulikuwa tunakabidhiana zamu. Ninyi wazazi ambao hamjawahi kuliona boksi la vifaa la fundi wa ndege, hebu niwaeleze. Ukilifungua, ndani kuna sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa. Pana tundu lenye umbo la bisibisi, na bisibisi imelala humo. Pana tundu lenye umbo la koleo, na koleo limelala humo. Kifaa kikikosekana, tundu linakutazama. Usiku ule tukafungua boksi namba 7, na tundu la spana namba 13 likawa linatutazama.

Mnajua kinachofuata? Vijana wanajua, nawaona wanacheka. Hakuna kuruka. Mkuu wa zamu alisema neno moja tu, "Simamisha," na kila ndege iliyoguswa na boksi lile ikazuiwa. Spana ikisahaulika nyuma ya kiti cha rubani, ndege ikigeuka juu chini, spana nayo inasafiri. Inaweza kwenda kujibana penye fimbo zinazoongoza mabawa. Rubani anavuta, ndege haitii, basi. Kwa hiyo tulifungua mifuniko, tukatambaa kwa matumbo, tochi mdomoni. Tulipita kwenye majani kando ya njia ya kurukia tukiburuta sumaku. Saa nane za usiku, saa tisa, saa kumi. Marubani wamekaa chumbani mwao, suti zimefunguliwa nusu, wanatuangalia kama abiria walioachwa na basi.

Mwisho wa kisa hiki nitawaambia baadaye. Msiniruhusu nishuke jukwaani kabla sijausema.

Watu wakisikia "teknolojia ya kijeshi" wanaona moshi, moto, na rubani mwenye miwani ya jua. Filamu zimetuharibu. Mimi nimekaa na ndege za kivita zaidi ya nilivyokaa na familia yangu, mke wangu yupo pale, muulizeni, na mkitaka kujua nilikuwa nafanya nini hasa, nilikuwa nahesabu. Nilihesabu spana, nilihesabu nati, niliandika saa, nilitia saini. Manowari kubwa zinazobeba ndege nazo zina kazi ya namna hiyo kabla ndege hazijaanza kuruka: mabaharia wanajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wanatembea polepole kutoka mwisho mmoja wa sitaha hadi mwingine, macho chini, wanaokota. Skrubu, kipande cha waya, jiwe dogo lililoganda kwenye soli ya buti. Injini ya mamilioni, na adui wake ni kijiwe.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, kisha turudi.

Tarehe 1 Novemba 1911, huko Libya, luteni wa Italia aitwaye Giulio Gavotti alipanda ndege akiwa na mabomu manne madogo, yanayoshikika kwa kiganja. Alipofika juu ya Ain Zara na Tagiura, karibu na Tripoli, aliyatupa kwa mkono. Hivyo ndivyo bomu lilivyoanza kudondoshwa vitani kutoka kwenye ndege: mtu anachungulia nje, anatupa, anaondoka. Alilenga kwa nini? Kwa macho yake.

Miaka 30 baadaye ndege zilikuwa kubwa, zina injini mbili au nne, zina watu wa kutosha timu ya mpira ndogo. Ziliweza kulenga? Mwaka 1941 marubani wa Uingereza walikuwa wanaruka usiku kwenda Ujerumani, wanarudi alfajiri, wanaandika kwenye ripoti: tumepiga. Serikali ikampa mtumishi mmoja, jina lake Butt, kazi ya kukaa na picha zilizopigwa na ndege zenyewe, azilinganishe na ripoti. Mwezi Agosti akaleta jibu. Kati ya ndege zilizosema zimeshambulia shabaha, moja kati ya tatu tu ndiyo ilifika ndani ya kilomita 8 za shabaha hiyo. Juu ya bonde la Ruhr, lililojaa moshi wa viwanda, ilikuwa moja kati ya kumi.

Kilomita nane, ndugu zangu! Huo ni umbali wa kuukosa mji mzima. Na hawa hawakuwa waongo. Walikuwa vijana wenye baridi na hofu, gizani, wanaotazama moto chini na kuamini kuwa ndio wenyewe. Lakini oneni kilichofuata. Jeshi lisiloweza kupiga kiwanda linaanza kuuona mji mzima kuwa kiwanda. Kufikia usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo anayewaambia kwamba kulenga vizuri ni ukatili wa kisasa, mwambieni asome habari za zamani. Mimi nauheshimu ulengaji. Huko Vietnam palikuwa na daraja, daraja la Thanh Hoa. Ndege za Marekani zilianza kulipiga tarehe 3 Aprili 1965. Mamia ya safari, ndege zikaanguka, marubani wakatekwa, daraja likachakaa na kutoboka lakini likabaki limesimama. Mwaka 1972 zikaja na mabomu yanayofuata mwanga wa leza: ndege inamulika shabaha, bomu linaufuata mwanga ule hadi chini. Mwezi Mei mwaka huo daraja lilianguka. Kazi iliyowashinda kwa miaka ikamalizwa na ndege chache.

Baada ya leza ikaja setilaiti. Bomu la kawaida linafungwa mkia wenye kompyuta ndogo na kipokezi cha GPS, linapewa namba za mahali, linakwenda. Mchana, usiku, mawinguni, vumbini, linakwenda. Hapo ndipo watu wakaanza kusema bomu lina akili.

Lina akili? Nawauliza ninyi mafundi. Lina akili?

(Hapa mmoja alijibu kutoka nyuma, "Halina, afande!" Nilimshukuru.)

Tarehe 7 Mei 1999, usiku, ndege ya B-2 ya Marekani, mojawapo ya ndege ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, iliangusha mabomu matano ya namna hiyo juu ya Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia. Yote yalikwenda pale yalipoambiwa. Ndege haikukosea, mabomu hayakukosea. Jengo walilopewa kama ofisi ya ununuzi wa silaha lilikuwa ubalozi wa China. Waandishi wa habari watatu wa China walifariki. Maelezo ya Marekani yalikuwa kwamba mtu alikadiria mahali pa ofisi ile kwa kufuata anwani za mitaa kwenye ramani, na kwamba orodha zao zilikuwa bado zinauweka ubalozi mahali pake pa zamani. China haikuyakubali maelezo hayo. Mimi sina cha kuwaamulia. Ninachowaonyesha ni kwamba umbali kati ya jengo lililokusudiwa na lililopigwa ulikuwa mita mia chache, na mita hizo zilipotea mezani, kwenye karatasi, siku kadhaa kabla ndege haijawasha injini.

Bomu haliulizi. Mpe namba sahihi, linakwenda. Mpe namba mbovu, linakwenda vilevile, kwa usahihi uleule.

Kisa cha pili ndicho ninachowasimulia makuruta kila mwaka, na leo nawarudishia.

Tarehe 5 Desemba 2001, Afghanistan, karibu na Kandahar. Askari wa Marekani wako kilimani pamoja na wapiganaji wa Hamid Karzai, ambaye siku hiyohiyo, huko Bonn, Ujerumani, alikuwa anatajwa kuwa kiongozi wa serikali ya mpito. Mbele yao kuna adui. Askari mwenye kazi ya kuelekeza ndege anakitumia kifaa chake cha GPS, anapata namba za mahali adui alipo. Safi. Kabla hajazituma, betri inaisha.

Betri, vijana. Mnazijua. Mnazibeba kilo kwa kilo mgongoni hadi mgongo unakuchukia.

Anatoa betri, anaweka nyingine, anawasha kifaa. Kifaa kinaamka, na kama kilivyotengenezwa, kikiamka kinaonyesha namba za mahali kilipo chenyewe. Mahali alipo yeye. Skrini inawaka, namba zipo, zina sura ileile ya namba. Anazisoma kwenye redio. Juu kabisa kuna ndege ya B-52, yenye bomu la karibu kilo 900. Rubani anapokea, anaingiza, anaachia.

Askari watatu wa Marekani walikufa pale, na wapiganaji wa Afghanistan waliokuwa nao, na wengi walijeruhiwa. Karzai mwenyewe alipata majeraha madogo.

Nani alikosea? Yule kijana? Alikuwa vitani, amechoka, amebadilisha betri kama anavyobadilisha kila siku. Mtengenezaji? Kifaa kilifanya kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Mimi nikifundisha kisa hiki simlaumu mtu. Nauliza: baada ya kuwasha, ulisoma tena? Kifaa kikilala na kuamka, usiamini kinachokuambia mpaka umekihoji. Ukibadilisha betri, soma tena. Umekatwa mazungumzo, soma tena. Umepigiwa simu katikati ya kazi na mama yako, mpende mama yako, halafu soma tena tangu mwanzo.

Na kuna makosa ambayo hata kusoma tena hakusaidii, maana chombo kimekosea kimyakimya. Hapa niwe fundi kidogo, mnivumilie.

Mwaka 1991, vita vya Ghuba, mji wa Dhahran, Saudi Arabia. Marekani ina mitambo ya Patriot ya kudungua makombora. Rada ya mtambo huo inaliona kombora, kisha inapiga hesabu: kwa mwendo huu, punde litakuwa pale, nitazame pale. Ili kupiga hesabu hiyo unahitaji saa. Saa ya kompyuta yake ilikuwa inahesabu sehemu za kumi za sekunde. Sisi moja ya kumi tunaiandika bila shida. Kompyuta inaandika kwa sifuri na moja tu, na kwa namna hiyo moja ya kumi haina mwisho, kama sisi tunavyoshindwa kumaliza kuandika moja gawanya kwa tatu. Ikifika mahali inakata. Kilichokatwa ni kidogo mno, huwezi kukiona. Lakini kosa linakua kadiri mtambo unavyokaa bila kuzimwa.

Mtambo ule ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100. Saa yake ilikuwa imepotea kwa theluthi moja ya sekunde. Mtasema theluthi ya sekunde ni nini? Kombora la Scud la Iraq kwa muda huo linakwenda zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari rada ililiona kombora, ikapiga hesabu, ikatazama pale lilipotakiwa kuwa, ikakuta patupu, ikaamua hakuna kitu. Kombora likaangukia jengo walimolala askari. Wamarekani 28 walikufa.

Dawa ilikuwa ipi? Zima, washa! Dawa ileile mnayowapa bibi zenu simu zikigoma. Na walishaambiwa. Waisraeli walikuwa wameshaligundua tatizo, wakatoa taarifa. Siku chache kabla, ujumbe ukatumwa kwa vikosi kwamba mtambo ukikaa umewashwa "muda mrefu sana" ulengaji unayumba. Muda mrefu sana. Saa ngapi? Hawakuandika. Kila mmoja akasoma akasema, sisi hatujafika huko. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26. Kesho yake.

Waliokufa walikuwa akina nani? Nataka wazazi walisikie hili. 13 kati yao walitoka katika kikosi kimoja kidogo cha askari wa akiba kutoka Pennsylvania, kikosi cha kusafisha maji. Kazi yao ilikuwa watu wapate maji ya kunywa. Walikuwa wamefika siku sita tu zilizopita. Mwanao akikuambia, "Mama, mimi siendi mstari wa mbele, mimi ni wa maji," au "mimi ni wa stoo," usimwambie kwamba basi hilo si jeshi. Na wewe wa stoo, usijione mdogo ukalegeza.

Tarehe 3 Oktoba 2015, Kunduz, Afghanistan. Nitalisema kwa kifupi kwa sababu ni zito. Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka ilikuwa imeshatoa namba za mahali ilipo kwa pande zote. Namba zilikuwepo kwenye orodha ya mahali pasipoguswa. Ndege ya kivita ya Marekani, AC-130, iliondoka kwa haraka, na orodha ile haikuwemo ndani ya ndege. Mawasiliano ya kutuma data yakaharibika hewani. Mitambo ikaelekeza kwenye uwanja mtupu, basi wakatafuta kwa macho jengo linalofanana na walilosimuliwa. Watu 42 walikufa, wagonjwa, walezi wao, madaktari, wauguzi. Haraka, orodha iliyosahaulika, mawasiliano yaliyokatika. Mkitafuta shetani mkubwa katika kisa kile mtahangaika. Mtakutana na vishetani vidogo, kila kimoja kimekaa kwenye kiti chake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mguu ulioota tende ni wa mtu mwingine kabisa.

Simu sasa. Najua hamtaki kusikia, ndiyo maana nasema. Januari 2018 mwanafunzi mmoja aliitazama ramani ya programu ya mazoezi ya Strava, inayoonyesha mahali watu wanapokimbia duniani kote. Kwenye majangwa yasiyo na mtu akaona vimistari vinang'aa, vinazunguka, vinazunguka. Nani anakimbia mduara usiku jangwani? Askari ndani ya kambi, na saa mkononi. Kambi za siri zikajichora zenyewe kwa jasho la watu wanaotaka kupunguza tumbo. Hilo lilichekesha. Lililofuata halichekeshi. Usiku wa Mwaka Mpya wa 2023, huko Makiivka, mji wa Ukraine uliokuwa mikononi mwa Urusi, makombora ya Ukraine yalilipiga jengo la chuo walimokuwa wamelazwa askari wapya wa Urusi. Wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, ikasema chanzo ni askari kuwasha simu kwa wingi. Warusi wengine wakauliza swali zuri zaidi: ni mkuu gani aliyewalundika wote jengo moja? Mimi nasema yote mawili. Kuruta ana kosa la simu, na mkuu asijifiche nyuma ya simu ya kuruta.

Mtaniuliza, na droni? Kila mtu ananiuliza droni siku hizi. Droni imeleta mambo mawili ambayo mafunzo ya zamani hayakutuandaa.

La kwanza, anga imeshuka. Zamani shambulio la anga lilikuwa jambo la ndege kubwa, ving'ora, mahandaki. Huko Ukraine leo anga ni kile kidubwasha cha mapanga manne kinachomfuata askari mmoja aliyetoka handakini kwenda kujisaidia. Barabara zimefunikwa nyavu. Wakiyavuruga mawasiliano ya redio, adui anakuja na droni inayovuta uzi mwembamba wa kioo kilomita kwa kilomita, haina redio ya kuvurugwa. Na kazi ya askari wa droni kwa siku ni nini? Kuchaji betri. Kulehemu waya. Kutafuta mafuta ya jenereta. Ninyi, yaani. Fundi ndiye aliyesogezwa mbele.

La pili linawahusu ninyi mlioketi upande wa familia. Waendeshaji wa droni kubwa za Marekani wamekuwa wakikaa kituo cha Creech, Nevada, wanatazama skrini inayoonyesha nyumba iliyo upande mwingine wa dunia. Wanaitazama kwa wiki. Wanamjua baba wa nyumba ile, wanajua anaamka saa ngapi. Siku moja amri inakuja. Halafu zamu inaisha, anawasha gari, anaendesha kwenda nyumbani Las Vegas, anapitia kumchukua mtoto shuleni. Askari wa zamani alikuwa na safari ndefu ya kurudi, ya kukaa na wenzake wakanyamaza pamoja. Huyu ana saa moja ya barabara. Ndiyo maana baadhi yao wameugua moyoni kama walioshika bunduki. Akirudi kimya, msimwambie, "Si ulikuwa ofisini tu?" Wekeni kiti. Mwacheni akae.

Nawaona maafande wanaangalia saa. Namalizia, na spana nimeikumbuka.

Ilipofika saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumefungua ndege tatu. Hakuna spana. Mkuu wa zamu, macho mekundu, akaagiza kitabu cha makabidhiano kiletwe, kisomwe mstari kwa mstari kuanzia jana. Akafika mahali pameandikwa: boksi 1, spana namba 13, mdomo umepasuka, imepelekwa stoo. Akaagiza boksi 1 lifunguliwe. Lilikuwa limejaa, spana yake imelala kwenye tundu lake. Akanyamaza kidogo. Akamtuma mtu stoo. Kwenye droo ya vifaa vibovu, juu kabisa, palikuwa na spana iliyopasuka mdomo, imechongwa ubavuni: 7.

Akanigeuzia kitabu, akaweka kidole kwenye ule mstari. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeandika kwa haraka, nataka kwenda kulala, na saba yangu siku zile ilikuwa fimbo tupu.

Hakunifokea. Alinipa ukurasa mtupu na kalamu, akanikalisha pale pale chini ya bawa, nikaandika saba mia mbili, kila moja imekatwa mstari katikati. Ya mia mbili ilipokwisha, marubani walikuwa wanafunga kofia zao.